Hodi ya Mzee wa Barafuni

Haya yalimkuta rafiki yangu Erasmus, mpiga picha wa mji wa Cheektowaga, Marekani. Huko kaskazini kwenye barafu alimpiga picha mzee mmoja Mwinuit, wa wale wenyeji wa nchi za barafu, aliyemkaribisha kwake na aliyependa sana neno la Kiswahili ambalo Erasmus alibishia mlango, "hodi", akawa analirudia huku akicheka.

Majuzi binti wa mzee akapiga simu: baba amefariki, wanaomba ile picha kwa ajili ya mazishi. Erasmus akashuka kwenye chumba cha giza kuisafisha.

Karatasi ikiwa kwenye dawa, akasikia miguu ikikanyaga theluji, kwachu, kwachu, humo humo ndani.

"Hodi."

"Karibu, mzee," akaitikia kwa mazoea.

Akawasha taa. Pichani palikuwa na barafu tupu, na nyayo zilizokuja mpaka ukingo wa karatasi.