Kiti cha Kushoto

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata shemeji yangu, mke wa kaka, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Kaka ni fundi wa injini. Miaka sita aliliota gari la mbio kutoka Japani. Siku lilipoteremshwa kwenye lori, jeupe, milango miwili, boneti imevimba juu ya turbo, alilizunguka kama bwana harusi. Jumamosi palikuwa na maonyesho ya magari, tukabaki na siku tatu. Mimi nikafungua breki. Kaka akang'oa betri akaiweka mezani. Shemeji, ambaye ni fundi cherehani, akaanza kufumua vitambaa vya viti ili avishone upya, huku akitutania kwamba siku hizi ana mke mwenza wa chuma.

Saa tano asubuhi, jua linawaka nje, nikamsikia akimwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Fundi, hebu njoo."

Ndani ya sponji ya kiti cha kushoto mlikuwa na nywele. Ndefu, nyeusi. Hazikuwa zimeangukia humo, zilikuwa zimeota. Shemeji akauvuta unywele mmoja. Kitu kikauvuta upande wa pili.

"Tuliache," alinong'ona. "Hili lina mwenyewe."

Kaka akacheka. "Mwenyewe ni mimi. Kata, shona, usinicheleweshe."

Nilikuwa na neno, nikalimeza. Yeye ndiye aliyenifunza kazi.

Shemeji akakata. Akaingia kupima kitambaa kipya. Akaketi.

Mlango ukajifunga.

Injini ikanguruma. Betri ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu.

Tukavuta mlango. Wapi! Ndani, kichwa cha shemeji kilikuwa kimevutwa nyuma, shingo imekaza. Hakupiga kelele. Midomo tu ilicheza.

"Vunja kioo!" nikamwambia kaka.

Akasita. Naapa, alisita. "Kioo cha gari hili hakipatikani," akasema.

Nikachukua nyundo, nikakivunja mwenyewe.

Injini ikazima. Tulimtoa hai, ila upande mmoja wa kichwa ulikuwa mtupu, laini kama kiganja. Hapakuwa na damu. Kwenye kiti hapakuwa na unywele hata mmoja, wake wala wa yule mwingine.

Kaka alitazama vipande vya kioo kabla ya kumtazama mkewe. Shemeji akaona. Akajifunga kitambaa kichwani, akakusanya mikasi yake.

"Gari nalisamehe," aliniambia mlangoni. "Lenyewe halinijui. Yeye ananijua."

Huu mwaka wa nne, hajarudi.

Kaka alilikatakata lile gari, likauzwa kama chuma chakavu. Mimi nilihama gereji. Wiki iliyopita, baada ya mvua ya kutwa, nilipita gerejini kumsalimu. Sakafu yote ilikuwa baridi, imelowa. Ila pale lilipokuwa limeegeshwa palikuwa pakavu. Nikachutama, nikaweka kiganja.

Saruji ilikuwa ya moto.

Kaka akageuza uso.

"Haijawahi kupoa," akasema.