Gurudumu la Mfinyanzi na Mzunguko wa Dunia

Kila asubuhi mfinyanzi alikanda udongo kwanza, chai baadaye. Kisha aliketi kwenye gurudumu lake la mbao, akalisukuma kwa mguu, na chungu kikainuka mikononi mwake.

Siku hiyo alikuwa kwenye shingo ya chungu cha saba. Ghafla sakafu ikatetemeka. Vyungu vitatu vikaanguka kutoka rafuni. Ukuta wa jikoni ukapasuka juu hadi chini.

Baba mkwe wake alitoka mbio, kiatu kimoja tu mguuni.

"Unaona? Kutwa unazungusha, unazungusha, mpaka ardhi imeshikwa na kizunguzungu!"

"Baba, gurudumu dogo hivi?"

"Tone tone hutoboa jiwe, mwanangu."

Akachukua kamba ya kuanikia nguo, akalifunga gurudumu mafundo matano. Mzee hakuwa mbaya. Alishamzika mwanawe, hakutaka kumzika na mkwewe. Lakini gurudumu hilo ndilo lililowalisha wote wawili. Mfinyanzi akainama kuokota vigae, machozi yakimlengalenga.

Jioni jirani alikuja kutazama ufa. Alikuwa mama mmoja, mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Timazi, kama uzi wa mwashi wa kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa hakuweza kupita ukuta uliopinda bila kuusema.

"Vikombe vyangu pia vimevunjika, na mimi sina gurudumu," alisema. "Mzee, fungua kidogo nikuonyeshe."

Mzee akafungua, shingo upande. Timazi akaweka katikati donge la udongo laini sana.

"Binti, zungusha."

Donge likatanuka ubavuni, likabonyea juu.

"Dunia nayo huzunguka, mara moja kwa siku. Ndiyo maana imetanuka kidogo kiunoni. Na ndani kabisa kuna chuma kilichoyeyuka. Mzunguko huo huongoza mikondo yake."

"Kumbe dunia ina kitambi!" alisema mzee.

"Lakini hakishindi chako."

Mzee akacheka bila kupenda. "Basi mzunguko huo ndio uliopasua ukuta wangu?"

"Si hivyo. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa. Joto la ndani na uzito wa vipande vyenyewe huvisogeza polepole, kama kucha inavyoota. Vikikwama, kisha vikaachia ghafla, ardhi hutetemeka. Kama mzunguko wa dunia nao unachangia kuvisogeza, wataalamu bado wanachunguza. Lakini gurudumu la mkweo? Hata sisimizi halimwamshi."

"Kwa hiyo tukae tu, tungoje kuangukiwa?"

"Nani kasema? Jengeni upya ukuta huo. Kisha zungusheni mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote. Rafu ifungwe ukutani, vizito vikae chini. Ardhi ikitikisika, usikimbie kama leo, matofali yatakuangukia mlangoni. Ingia chini ya meza imara, uishike mpaka patulie."

Wakamwita mwashi, wakafanya yote.

Miezi mitatu baadaye ardhi ikatetemeka tena. Mfinyanzi aliacha gurudumu, akajitupa chini ya meza. Akamkuta mzee ameshatangulia, amekumbatia mguu wa meza.

Palipotulia wakatoka. Kuta zilikuwa nzima. Hakuna chungu kilichoanguka. Mfinyanzi alisimama pale pale, akimtazama mzee, asijue kama gurudumu litafungwa tena.

Mzee akajikung'uta vumbi.

"Unanitazama nini? Udongo unakauka. Kaa, mwanangu, nikuletee maji."