Gumba la Eusebio Kwenye Sinia la Fedha

Jumatatu ya Juma Kuu, hapa mjini kwetu San Ignacio de Moxos, wanawake hukaa uani mwa kanisa wakisugua vyombo vya fedha ambavyo mapadri Wajesuiti waliwaachia babu zetu. Majivu, limau, kitambaa. Kwanza hutajwa majina ya watunzaji wote wa vyombo hivyo waliokufa. Mwaka huo jina la Eusebio Noza lilirukwa tena, kwa mara ya tatu.

Jirani yangu Petrona Muiba alijua sababu. Yeye ndiye aliyebandua pambo la jani la fedha kwenye taa ya altare, akalipeleka kwa sonara likafuliwa hereni, bintiye Rufina akazivaa siku ya harusi yake. Wazee walipouliza jani limekwenda wapi, alimsingizia Eusebio. Maiti habishi.

"Mwenzangu, unasugua au unaota jua?" Dominga, mjane wa Eusebio, alimchokoza.

"Hili sinia lina doa."

Lilikuwa alama ya dole gumba, nyeusi. Petrona akaongeza limau. Doa likazidi kukolea. Akashika kikombe. Doa. Chetezo. Doa. Kila alichogusa. Na gumba lenyewe lilikuwa nusu, limekatika mshazari.

Wanawake wakaacha kusugua.

Dominga akainama juu ya sinia. "Panga lilimkata hivi akifyeka miwa," alinong'ona. "Mume wangu anataka nini kwako, Petrona?"

Petrona aliyatazama majivu. Aibu ilimshika kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hakuiba yeye. Ni mimi. Hereni za Rufina."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Dominga alijifuta mikono, akalitaja jina la mumewe mara tatu, moja kwa kila mwaka uliorukwa. Madoa yakatoweka kama mvuke.

Petrona alikwenda kwa bintiye, karibu akimbie. Alimkuta anamenya mihogo.

"Nipe hizo hereni."

"Hereni gani tena, mama? Si hizi hapa," alisema Rufina, akajishika masikio. Hayakuwa na kitu.

Jani walilikuta kwenye taa, mahali pake pa zamani, bila alama hata moja ya nyundo. Na kwenye kila ndewe ya Rufina palikuwa na alama nyeusi ya nusu gumba. Limau haliitoi. Majivu hayaitoi. Rufina hujitanda kitambaa kichwani mpaka leo, na mama yake akizungumza naye huitazama sakafu.