Matita ya Kahawa katika Bwawa la Kinu

Nadège alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya pembezoni mwa Butembo. Kila asubuhi kabla ya masomo alishuka kwenye chemchemi kuchota maji. Alibeba bidoni, dumu lake la njano, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama mama yake na bibi yake walivyobeba. Njia ya kurudi nyumbani ilipita juu ya ukuta wa Bwawa la Kinu.

Bwawa hilo liliitwa hivyo kwa sababu zamani maji yake yalizungusha kinu cha kusaga mahindi. Kinu kilikufa, ukuta ukabaki, na watu wakajipatia starehe yao. Jumapili baada ya misa walijipanga ukutani na ndoano, wakivua kwa kujifurahisha tu na kutaniana mpaka jua likapungua. Kisha wengine waling'oa matete ili walime mboga hadi ukingoni, na wengine wakakokota vyandarua vya mbu majini, wakazoa hata samaki wadogo kama kucha. Chini ya maji likabaki tope tupu. Papa Syauswa, mwenyekiti wa wavuvi wa Jumapili, aliwahi kukaa pale miezi mitatu mfululizo akavua kiatu kimoja, tena cha mguu wa kushoto.

Aliyeleta matumaini alikuwa Papa Djuma. Alikuwa mkulima wa kakao karibu na Mbau, na alipokimbia vita alifika Butembo na pampu yake ya kupulizia kakao dawa mgongoni, basi. Wavuvi walimpa nyumba ya kinu alale na kulinda bwawa. Aliwaambia, "Samaki ni kama mutu. Akikosa nyumba, anaenda ao anakufa. Tumujengee nyumba."

Nyumba yenyewe ilikuwa matita ya matawi ya mikahawa mizee iliyokauka, yaliyofungwa kwa kamba pamoja na mawe ili yazame. Ndani ya matawi yale samaki wangejificha na kula. Kwenye kona moja yenye maji haba, Papa Djuma alijenga kizimba cha mianzi, kikubwa kama darasa. Humo alitia vifaranga mia sita vya tilapia, alivyovileta ndani ya mabidoni kutoka upande wa Oicha. Vingekaa humo mpaka vipate nguvu, ndipo vifunguliwe kuingia bwawani.

Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya wote, kila mwanafunzi wa darasa la sita aliagizwa alete matita matano.

"Mikahawa imeng'olewa ng'ambo ya kilima," Papa Djuma aliwaambia. "Muchukue ile ya kukauka. Majani mabichi hapana, mulisikia? Na zaidi kalitusi, hapana kabisa. Majani yake ikioza inamaliza hewa ndani ya maji."

"Tulisikia, Papa!" watoto waliitikia.

Nadège alisikia vizuri kabisa. Rafiki yake Ornella pia alisikia. Lakini kilima kilikuwa kirefu na jua lilikuwa kali, na nyuma ya nyumba ya akina Ornella mikaratusi ilikuwa imekatwa juzi tu, matawi yake yamelala chini bure.

"Tunaweka kalitusi katikati, tunafunika na kahawa kidogo," Ornella alisema. "Nani atafungua?"

Ndani ya nusu saa matita kumi yalikuwa tayari, manene, yamependeza. Papa Syauswa alipoyaona alipiga makofi. "Muangalie kazi ya hawa mabinti! Ninyi wengine mulileta vijiti vya kuchokoa meno." Na kwa kuwa yalikuwa mazuri kuliko yote, yakazamishwa ndani ya kizimba, pamoja na vifaranga. Nadège alitaka kusema neno. Makofi yalimfunga mdomo.

Jumanne alfajiri, alipokaribia bwawa na bidoni lake, aliisikia harufu kabla ya kuona kitu. Ilikuwa harufu ya majani ya mkaratusi ya kujifukiza mafua, ile anayoijua kila mtoto wa Butembo. Maji ya kizimba yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Juu yake vifaranga vilikuwa vimejaa, midomo wazi, vikihema. Vingine vilikuwa vimegeuza matumbo meupe.

Papa Djuma alisimama katikati ya maji, akiviokota kwa mikono miwili. Alikuwa na mafua makali, pua imeziba, na harufu ile haikumfikia.

"Mutoto," alisema kwa sauti ya kukwama, "uliona mutu kupita hapa usiku?"

Nadège aliikaza kamba ya bidoni lake. "Hapana, Papa."

Lilikuwa jibu la kweli na la uongo kwa pamoja, naye alijua.

Mwanamke mmoja aliyekuja kufua akaona samaki, akatupa beseni lake. "Sumu! Batu batiye sumu mu maji!"

Katika nchi ile watu wameogopa miaka mingi, na woga wao hauhitaji kuamshwa mara mbili. Filimbi ililia ng'ambo hii, nyingine ikajibu kilimani, kisha masufuria yakaanza kugongwa nyumba kwa nyumba. Watu walishuka na mapanga na fimbo bila kujua wanamfuata nani. Nadège alitua bidoni na kumtafuta Ornella katikati ya umati.

"Ni matita yetu," alinong'ona.

Ornella alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Nyamaza! Batatuua. Tukinyamaza, itaisha yenyewe."

Haikuisha. Kijana mmoja alitoka ndani ya nyumba ya kinu akiinua pampu ya kakao juu ya kichwa. "Muone! Chombo ya sumu! Ilikuwa chini ya kitanda yake!"

"Ni ya kakao," Papa Djuma alisema. "Tangu nifike haijaingia dawa. Munuse."

Hakuna aliyenusa, si pampu wala maji. "Alitoka Mbau, nani anajua mambo yake?" mmoja alipaza sauti. "Waasi balimutuma atumalize," mwingine alidakia. Watu waliocheka naye Jumapili iliyopita sasa walimtazama kana kwamba hawajawahi kumwona. Walimvuta kutoka majini, kofia yake ikaanguka ikakanyagwa. Papa Syauswa alijaribu kusimama mbele yake, akasukumwa pembeni.

Kisha Nadège alitazama kilimani. Kijana mmoja alikuwa akishuka njiani, anaviringisha tairi kuukuu. Hata mtoto alijua tairi lile linaletwa kwa kazi gani.

Aliogopa. Aliogopa mapanga, aliogopa fimbo ya mama, aliogopa macho ya darasa zima, aliogopa kwamba mikono iliyomshika Papa Djuma ingeweza kumgeukia yeye. Miguu ilimwambia akimbie nyumbani. Lakini Papa Djuma alikuwa hapigani. Alikuwa ameinama anatazama vifaranga, na ndevu zake za mvi zilikuwa zimelowa.

Nadège alijaribu kupiga kelele. Sauti ilimezwa na filimbi. Basi akaingia majini, ndani ya kizimba.

Maji yalimfika kiunoni, baridi, tope linateleza. Alishika tita la kwanza, akalivuta, likamzidi nguvu, akaanguka, akameza maji machungu, akasimama tena. Alilikokota mpaka ukingoni na kuikata kamba kwa meno. Mawe yakabingirika. Vijiti vya kahawa vikaanguka upande, na majani ya mkaratusi yakamwagika miguuni pa watu, meusi, yanateleza, yananuka.

Filimbi zilikoma.

"Ni miye," Nadège alisema, na sasa sauti ilisikika, pamoja na machozi. "Hapana yeye. Papa Djuma alitukataza kalitusi. Miye niliweka, nikafunika na kahawa. Hakuna sumu. Ni majani tu, inaoza. Mumuache, tafazali!"

Mama mmoja aliinama, akaokota jani, akalisugua kiganjani na kulinusa. Akampa jirani yake. Jani lilipita mkono kwa mkono, pua kwa pua, na mapanga yakaanza kushuka. Yule kijana wa tairi aliliacha likalala kwenye nyasi, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mikono iliyomshika Papa Djuma ilimwachia. Mtu yeyote angekaa chini alie. Yeye aliruka majini.

"Musisimame kama nguzo!" alipiga kelele. "Matita yote ya kizimba, inje! Vunjeni mianzi, samaki bapite kwenye maji makubwa! Syauswa, inua mbao ya mulango ya maji ku ukuta, ile maji mubaya itoke!"

Watu waliokuja kuua waliingia majini kuokoa. Tita la pili lilipotoka, Nadège aliona mikono mingine imelishika upande wa pili. Ilikuwa mikono ya Ornella, naye alikuwa analia kwa sauti bila kujificha. "Na miye," alimwambia kila aliyemtazama. "Na miye pia."

Jua lilipopanda, walihesabu vifaranga vilivyokufa kwenye karai. Karibu nusu. Vilivyobaki vilikuwa vimekimbilia ndani ya matita halisi ya kahawa huko bwawani, yale ya vijiti vya kuchokoa meno. Papa Syauswa aliokota kofia iliyokanyagwa, akaikung'uta mara nyingi kuliko ilivyohitaji, akamrudishia mwenyewe.

"Djuma, ndugu yangu," alisema.

Umati ulitawanyika. Wachache waliomba msamaha. Wengi waliona aibu, na aibu ina miguu myepesi.

Mama yake Nadège alifika anahema, fimbo mkononi. Papa Djuma alimzuia. "Mama, huyu ameokoa maisha yangu leo."

"Lakini, ni yeye aliiweka mu hatari!"

"Ndiyo. Yote mbili ni yake." Akamgeukia Nadège. "Kila Jumamosi utavuka kile kilima. Utaleta kahawa ya kukauka, mpaka miye niseme imetosha."

Nadège alivuka kilima Jumamosi nane, kamba kwenye paji la uso, na Ornella nyuma yake. Usiku mwingine aliota tairi linabingirika. Wavuvi walipanda matete upya ukingoni, na vyandarua vya mbu vilipigwa marufuku. Mvua zilirudi, maji yakapanda.

Ilipita miezi mingi kabla ya Jumapili ya kwanza ya ndoano. Ukuta ulijaa tena watu na kelele. Papa Syauswa alivua tilapia wa kwanza, akambusu kichwani mbele ya padri, watoto wakaanguka kwa kicheko. Nadège alikaa mbali kidogo. Papa Djuma alimfuata na kumwekea ndoano mkononi.

"Siwezi, Papa," alisema. "Wale waliokufa..."

Mzee aliketi karibu naye. "Siku ile uliogopa?"

"Sana."

"Miye pia. Na wale bote wa mapanga, bao ndio waliogopa kupita sisi wote. Woga si zambi, mutoto. Lakini ukiuficha, unafanya wengine balipe." Akaonyesha maji kwa kidole, pale ambapo ncha za matita zilionekana kwa mbali. "Samaki, umujengee maficho. Kosa yako, usiijengee hata siku moja."

Nadège alitupa ndoano majini. Uzi ulikazika ghafla mkononi mwake, ukavutwa chini kuelekea kwenye matita ya kahawa, naye akausikia mzito, unatikisika, u hai.