Mkopo wa Mbolea wa Mama Imelda

Nyumbani kwetu Hasamba mama ndiye aliyeamka wa kwanza. Aliwasha moto, akabandika maji ya chai, kisha akamwita baba. Baba alikunywa chai amesimama, akachukua jembe, wakashuka pamoja shambani. Kahawa iko upande wa bondeni, mahindi yako karibu na barabara. Baba anaitwa Ombeni. Mama aliitwa Enesi. Mimi ni Imelda, mtoto wao wa kwanza. Mambo haya yalipotokea nilikuwa kidato cha pili.

Mwaka ule babu alifariki mwezi wa tano. Baada ya matanga, baba aliacha kulala. Alizunguka uani akiwajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Kahawa iliiva ikakaukia kwenye miti. Ndugu walisema marehemu anamwita. Mama aliwasikiliza wiki tatu, kisha akampeleka hospitali ya wilaya, Vwawa. Daktari alisema huo ni ugonjwa wa akili, na unatibika. Akampa vidonge na kadi ya kliniki. Kila mwezi arudi mara moja. Kufikia mwezi wa tisa baba alikuwa analala, anakula, na anaongea nasi.

Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Hatukuuza kahawa, kwa hiyo hatukuwa na fedha ya mbolea. Mama aliomba mkopo kwenye kikundi chake cha hisa. Alikuwa amekopa hapo mara tatu, na mara zote alirudisha kabla ya siku. Wadhamini wake watatu walikuwa tayari.

Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Fortunata, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alilisoma ombi, akalikunja.

"Hatukuchukii, Mama Imelda," alisema. "Lakini fedha ya watu haiwezi kuingia nyumba yenye kichaa."

Wadhamini wawili walijitoa palepale.

Mama alirudi akaketi jikoni bila kuwasha moto. Alitueleza kwamba tatizo ni kliniki. Kila mwezi watu walituona tukipanda gari la Vwawa na ile kadi. Tusipoonekana, alisema, watasahau. Mwezi ujao ataomba tena, kabla mbolea haijapanda bei.

Lakini dawa zilikuwa zinaisha. Ndipo mama akampigia simu baba mdogo Lucky, mdogo wake baba, anayebeba mizigo mpakani Tunduma. Alimwomba avuke upande wa Zambia, akanunue vidonge vya jina lile lile. Kule hakuna mtu wa Hasamba wa kumwona.

Lucky alileta siku ya pili. "Kwacha zimenitoka, shemeji," alisema akicheka. "Ila dawa ni dawa. Hata kule watu wanaumwa."

Baada ya wiki moja shingo ya baba ilikakamaa. Mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika kifuani. Alitembea kama aliyebeba ndoo kichwani, bila kugeuka. Mama aliogopa watu wasije wakamwona. Akaanza kumfungia ndani mchana. Nikitoka shule nilisimama kwanza nje ya mlango, nisikilize kama anapumua. Siku za kupanda zilibaki chache, na baba hakuweza kushika jembe.

Mhudumu wa afya wa kitongoji chetu anaitwa Tumaini. Alipita kuuliza kwa nini mlango wetu unafungwa mchana. Mama alisema baba amesafiri. Wakati huohuo baba alikohoa ndani. Tumaini hakumsuta. Aliomba maji ya kunywa, akaketi, akangoja. Mwishowe mama alifungua mlango.

Tumaini aliziweka pakiti mbili mezani, ya hospitali na ya Lucky.

"Jina ni moja," alisema. "Sasa someni namba."

Nilisoma mimi. Ya hospitali iliandikwa moja nukta tano. Ya Lucky iliandikwa tano.

"Kila kidonge alichomeza ni zaidi ya vitatu vya zamani," alisema Tumaini. "Huu si ugonjwa umerudi. Ni dawa imezidi. Lakini usimwachishe kwa akili yako, dada. Twende kwa daktari leo, na pakiti zote mbili."

Daktari alipunguza dozi na kumpa dawa ya kulegeza shingo. Baada ya siku nne baba aligeuza kichwa na kuniuliza habari za shule. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba.

Tumaini alirudi kuongea na mama kuhusu kikundi. Alimkumbusha watafiti waliopita kata yetu mwaka uliotangulia wakiuliza maswali. Yeye ndiye aliyewatembeza. Walikipa kila kikundi maombi mawili ya mkopo ya kujaribia. Hisa sawa, shamba sawa, marejesho sawa. Ombi la pili tu liliongezwa mstari mmoja, kwamba mume anahudhuria kliniki ya akili. Vikundi vingi vilikubali la kwanza na kukataa la pili.

"Halafu wakawauliza wenye wagonjwa," alisema Tumaini. "Wengi waliacha kliniki ili wasinyimwe mkopo. Wakiacha, ugonjwa unarudi. Shamba linalala, deni halilipiki. Kisha kikundi kinasema, tuliwaambia."

Mama akauliza afanye nini.

Tumaini alimwambia aombe tena, na aombe katiba ya kikundi isomwe. Tena aende na baba, kwa sababu kwenye kikundi kile mwenzi wa mkopaji husimama na kusema kwamba anaujua mkopo.

"Na akitetemeka mbele yao?"

"Atatetemeka. Atakuwa amesimama lakini."

Jumanne, siku ya kikao cha kikundi, tulikwenda wote. Katibu alisoma katiba neno kwa neno. Ilitaja hisa, mahudhurio, marejesho na wadhamini. Ugonjwa haukutajwa mahali popote. Ndipo baba akasimama. Mkono wake wa kulia ulitikisika, akaushika kwa wa kushoto.

Mama Fortunata alimgeukia. "Baba Imelda, ukiugua tena itakuwaje?"

"Nitakwenda kliniki," alisema baba. "Na wewe mgongo wako ukikubana tena, mwenyekiti? Mwaka jana kikundi kilingoja marejesho yako miezi miwili. Hakuna aliyekuita mgongo."

Watu waliangua kicheko. Mama Fortunata alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka pia. Kisha aliuliza nani anamdhamini Enesi. Wale wawili waliojitoa waliinua mikono, mmoja bila kututazama.

Hawakutoa fedha yote. Walitoa nusu, na wanachama wawili waliondoka wamenuna. Mama alinunua mbolea ya sehemu ya shamba, baba akapanda. Mahindi ya sehemu ile yalilipa mkopo na kubaki ya kula. Mwaka uliofuata kikundi kiliongeza kifungu, kwamba mwanachama asinyimwe mkopo kwa sababu ya maradhi yake au ya mtu wa nyumbani kwake. Baba hakukosa kliniki tena.

Mama alitutoka mwaka jana, kwa ugonjwa wa ini. Siku ya kuzika nilikuwa namtazama baba kuliko jeneza. Nilihesabu amelala kwa saa ngapi, amekula nini. Nadhani watu wote walikuwa wanahesabu, ila walinong'ona.

Mama Fortunata ndiye aliyetoka mbele, akasimama karibu naye na kumuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Dawa zako unazo, Baba Imelda?"

"Zimebaki za siku tatu."

"Kliniki lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi asubuhi Mama Fortunata alikuja amevaa viatu vya safari, akakaa kwenye ngazi yetu, akamngoja amalize chai.