Antena za Hadassa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Hadassa alipita katika njia za mtaa wa Kikula, mjini Likasi, akiwa na beseni la vitumbua kichwani. Mama yake, Mama Eugénie, alikaanga, Hadassa alitangaza. Wazee waliokuwa bado kitandani walisema hawana haja ya jogoo, maana jogoo wa mtaa ule aliamshwa na Hadassa. Nywele zake zilizungushiwa nyuzi nyeusi, fungu kwa fungu, zikasimama huku na huku. Watu wa Likasi huita nywele za namna hiyo antena.

Jumamosi moja walifika watu wa televisheni kutoka Lubumbashi kupiga filamu, na kamera, miavuli na nyaya za kumtosha fundi mwaka mzima. Kiongozi wao, Mama Danielle, alisikia sauti ya Hadassa kabla ya kumwona. Alipomwona, alicheka.

"Hiki njo kichwa nilikuwa ninatafuta," alisema. "Mutoto, utapita nyuma ya waigizaji na beseni lako. Utasema maneno matatu tu: vitumbua vya moto."

Rafiki wa Hadassa, Stéphanie, naye akapewa kazi: kupita na dumu la maji, bila neno hata moja. Akapita, akakanyaga dimbwi, mguu wa kushoto ukajaa tope. Mama Danielle akafurahi sana. Watu wa televisheni wana furaha zao.

Jua lilipopanda, kazi ilisimama. Kipande kilichobaki kingepigwa Jumamosi iliyofuata, kwa mwanga ule ule wa asubuhi. Msaidizi, kijana aitwaye Ghislain, aliwapiga watoto picha kwa simu, mbele, ubavuni na nyuma.

"Musikie vizuri," alisema. "Kwenye televisheni, Jumamosi hii na ile itakuwa dakika moja tu. Kwa hiyo mrudi vile vile. Nguo, ndala, nywele. Msibadilishe chochote."

"Ndiyo, tonton," wakajibu, kama wanavyomwita kila mjomba.

Siku saba ni nyingi kwa kichwa cha mtu maarufu. Darasani, Jessy, aliyekaa nyuma ya Hadassa, hakumwacha apumue.

"Weye utaonekana ku televisheni na hizo antena za bibi? Watu wa Kinshasa watasema Likasi hatuna vitana."

Jumatatu Hadassa alicheka. Jumatano alinuna. Ijumaa, mama yake akiwa amekwenda Kambove kumwona dada yake, alienda kwa binamu yake mkubwa, Yaya Jenny, yaani dada Jenny, mwenye vidole vyepesi vya kusuka. Hakumwambia neno juu ya onyo la Ghislain. Alijiambia: nani atamkasirikia mtu kwa kupendeza zaidi? Jioni alikuwa na misuko myembamba mirefu hadi mabegani, na shanga nyeupe zilizogongana kila alipogeuza shingo. Aligeuza shingo mara nyingi.

Alilala kwa Yaya Jenny, na asubuhi akaenda kwa madaha mahali pa kazi. Kufika, akamkuta Ghislain amechuchumaa, simu mkono mmoja, tope mkono wa pili, anampaka Stéphanie mguuni.

"Nilikuambia usibadilishe chochote, weye umeosha mguu."

"Tonton, wiki nzima?" Stéphanie akauliza. "Mama angenifukuza kitandani."

"Sawa. Inua kidogo. Tope lilifika hapa."

Shanga za Hadassa zikanyamaza. Ikiwa mguu mmoja ulipimwa hivyo, je, kichwa kizima? Wakimwona, wangemrudisha nyumbani, na maneno yake matatu angepewa mwingine. Akajificha nyuma ya ukuta, akafungua kitenge kilichokuwa kiunoni, akajifunga kichwani mpaka nyusi.

Mama Philomène, mtunza mavazi, alimwona mara moja.

"Kitambaa hicho hakikuwepo. Kitoe."

Uongo ukatoka mbio kuliko akili. "Siwezi, mama. Niko na upele ku kichwa."

Mama Philomène akarudi nyuma hatua mbili. "Upele wa kuambukiza? Na umecheza na nani?"

Kila mtu akamtazama Stéphanie. Naye, maskini, alikuwa anajikuna nyuma ya sikio, maana mbu wa Kikula hawajali filamu.

"Basi wote wawili nyumbani," Mama Philomène akasema. "Siwezi kuacha maambukizi kwenye mavazi ya watu."

Stéphanie hakubisha. Aliutazama mguu wake wenye tope, akaanza kulia polepole, bila sauti.

Hadassa alikuwa tayari kupoteza maneno yake matatu. Lakini Stéphanie hakuwa hata na neno moja la kupoteza. Alikuwa na mguu tu, na sasa ule mguu nao unafukuzwa. Hadassa akafungua kitenge. Shanga zikashuka zikilia.

"Hakuna upele," alisema. "Nilisukwa jana. Nimedanganya. Stéphanie hana kosa, aachwe yeye."

Mama Danielle alitazama kichwa, kisha picha, kisha jua.

"Nani alikusuka?"

"Yaya Jenny."

"Amesuka vizuri sana. Aitwe aje kufumua." Akawageukia wapiga kamera. "Tuanze na maongezi ya mlangoni, muuzaji wa vitumbua hatakiwi pale. Nyie wengine, muko na saa moja ya kurudisha antena."

Yaya Jenny alikuja amevaa ndala moja. Mama Eugénie, aliyerudi kutoka Kambove alfajiri kukaanga vitumbua vya kazi, alifika na beseni, akaona kile kichwa, akalitua chini, akakunja mikono ya nguo bila kuuliza. Mama Philomène akatoa uzi mweusi katika sanduku lake. Stéphanie akashika upande wa nyuma, akavuta.

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri," akasema Stéphanie, akavuta tena. Wote wakacheka, hata Hadassa, huku machozi yakimtoka.

Saa moja haikuisha. Kichwa kikalinganishwa na picha, antena kwa antena. Hadassa akainua beseni, akapita, akatangaza: "Vitumbua vya moto!" Alitangaza vizuri mno: mwendesha pikipiki aliyekuwa anapita akaingia katikati ya kamera, akazima injini, akaomba vitumbua vinne. Ikabidi wapige tena. Mara ya pili ilikuwa safi.

Baada ya miezi mitatu, ua mzima ulijaa mbele ya televisheni ya jirani. Hadassa alionekana kwa muda wa kupiga chafya mara mbili. Watu walipiga kelele hata maneno yake matatu yasisikike.

"Antena ile ya nyuma imeinama," akasema Jessy, asiyekosa la kusema.

"Hiyo nilifunga miye," Stéphanie akajibu kwa fahari.

Walipotulia, Hadassa alimwuliza mama yake swali alilokuwa nalo tangu siku ile. "Mama, kwa nini Mama Danielle hakunifukuza?"

"Nilimwuliza," Mama Eugénie alisema. "Alinijibu: kosa lilijulikana jua likiwa bado chini. Angenyamaza, tungewafukuza wote wawili, mwanga ungepita, na kazi ya watu wote ingeharibika. Sasa sikia: kukosea utakosea, mwanangu. Miye pia nimeunguza vitumbua vingi. Ila ukikosea, sema mapema, mikono ya kukusaidia ikiwa bado karibu. Kitenge kinafunika nywele, lakini hakizisuki."

Akamshika antena moja, iliyoinama kama ile ya kwenye televisheni, akainyoosha.

"Sasa ulale. Kesho asubuhi una maneno matatu ya kusema njiani, na huko hakuna kurudia."