Kopo la Hosea

Saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi, Central Avenue, Los Angeles, mwaka 1936. Harufu ya mafuta ya nywele. Meza moja, watu watatu.

Cleophus Rudd aliweka kipande cha sabuni mezani. "Hili lango la kampuni ya sinema." Akaweka brashi. "Hili ghala la kanda za picha. Sema, Leotis."

Leotis Vann ndiye aliyekuwa mfagiaji wa ghala hilo. "Saa sita mlinzi anakwenda kula. Nitaacha mlango bila kufuli. Kopo liko rafu ya chini, limefungwa utepe mweusi. Jioni wanachoma vipande vyote vilivyokatwa kwenye sinema."

"Kwa nini wachome mali yao?"

"Wakaguzi wa maadili wamesema watoto watalia, Bwana Rudd. Sinema ya kwanza ya msituni iliwatajirisha. Hii ya pili wanaitaka laini kama uji. Chatu katolewa. Kaletwa sokwe anayecheka."

Leotis alicheka peke yake. Akakata kicheko alipomwona Verdell Gaines, binti aliyeketi mkabala naye.

Kaka yake Verdell, Hosea, alikuwa ndani ya kopo lile. Mwezi wa tano, kwenye kinamasi cha kuchimbwa, chatu wa mpira na chuma alimbana kama alivyopangiwa. Mashine ikakwama. Akazama naye. Verdell alikuwa ukingoni, amevaa sketi ya makuti. Aliona kamera haikusimama.

Kampuni ilimwambia mama yao kwamba Hosea alilewa, akaacha kazi, akazama kwa ujinga wake. Verdell alieleza alichokiona. Mama hakumwamini; akasema dada yeyote angemfichia kaka yake aibu. Tangu siku hiyo mama hakulitaja tena jina la Hosea katika sala zake.

"Sikilizeni," Verdell alisema. "Ukanda huo haujasafishwa. Mkuu wa kampuni aliuzuia usiende maabara. Ukipigwa na mwanga, basi. Hakuna picha tena. Deacon Tibbs, yule mpiga picha, atausafisha katika chumba chake cha giza. Mama aone kwanza. Halafu uzeni mnavyotaka."

"Nimekusikia, binti," Rudd alisema. Alikuwa anatazama saa yake.

Saa sita mchana.

Ndani ya ua wa kampuni, vibarua wa sinema walipanga foleni ya mikate. Watu wa Central Avenue wote, wapishi na wafua nguo, wamepakwa vumbi na kuvishwa manyoya. Asubuhi nzima walikuwa wamepiga kelele za maneno ambayo si lugha ya mtu yeyote duniani. Sokwe alikula ndizi kivulini.

Verdell, naye amevaa manyoya na sketi ya makuti, hakupanga foleni. Alichukua kikapu cha wapagazi wa sinema, akaingia ghalani. Rafu ya chini. Utepe mweusi. Kopo lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Akalifunika kwa majani makavu, akaweka kikapu kichwani.

Mlinzi alikuwa anarudi mapema. Walikutana mlangoni pa ua.

Alishika kikapu, akaendelea kutembea. 

"Pisheni mpagazi!" mlinzi aliwapigia kelele mafundi wawili waliobeba ngazi. Wakapisha.

Verdell alipita nyuma ya kinamasi. Maji yalikuwa yametiwa rangi ya kijani. Hakuyatazama. Akapitisha kopo kwenye tundu la uzio, naye akafuata. Gari la Rudd lilikuwa linanguruma; akapanda.

Saa nane.

Rudd alipita mtaa wa Deacon Tibbs. Hakupunguza mwendo.

"Tumepita."

"Najua."

"Uliniahidi, Bwana Rudd."

"Picha ya mtu anayekufa ni ya nini kwa mama? Nimeshapiga simu kampuni. Wananunua."

"Wataichoma."

"Waichome. Kaka yako hatakufa mara ya pili."

Verdell alishika mpini wa mlango. Gari lilikuwa linakimbia. Rudd alifungua koti, bastola ikaonekana. "Tulia, mdogo wangu. Fungu lako utapata."

Gari jeusi lilikuwa linasubiri kwenye mashamba ya maharage, nje ya mji. Jua kali. Hakuna mti. Mzungu mmoja alishusha kioo, hakushuka. Haskins, mtu wa kampuni wa kuzima matatizo.

"Nitajuaje ni lenyewe?" Haskins aliuliza. Sauti ya upole. "Makopo yako mengi. Nionyeshe picha moja tu. Ivute, uiinue juani."

"Wakataji wa kanda huinua hivyo," Rudd alisema. "Leotis kaniambia."

"Hivyo hivyo."

"Usifungue!" Verdell alipiga kelele. "Nilikwambia asubuhi! Bwana Rudd, anakudanganya!"

"Wewe ndiye unayetaka kunikosesha pesa." Rudd aling'oa utepe mweusi. Akapasua karatasi nyeusi. Akavuta ukanda, dhiraa baada ya dhiraa, akauinua juu ya kichwa.

Ulikuwa wa rangi ya maziwa. Hauna mtu. Hauna chatu.

Haskins alitazama mpaka ukanda wote ulipomwagika vumbini. Kisha akagusa kofia.

"Hakuna kilichoibiwa," alisema, akapandisha kioo.

Vumbi la gari lake lilipotua, Rudd bado alikuwa ameinua mkono. Bastola ilikuwa kiunoni. Hakukuwa na wa kupigwa risasi.

"Uoshe," alisema. "Si ulisema Tibbs anaweza? Uoshe!"

 Verdell alipiga magoti, akaanza kuukusanya ukanda na kuurudisha ndani ya kopo.  Alipomaliza, aliondoka kwa miguu, bado amevaa sketi ya makuti.

Saa moja jioni.

Mama alikuwa anamenya viazi vitamu. Aliyatazama manyoya ya Verdell, vumbi, kopo.

"Nini hicho?"

"Hosea, mama."

Mama aliweka kisu chini. Akauvuta ukanda kidogo, akautazama mbele ya taa. "Mbona simwoni?"

"Wameliacha jua limfute. Lakini kwenye kopo hili hawaweki mlevi aliyeacha kazi. Wanaweka aliyekuwa mbele ya kamera. Alikuwa kazini, mama. Nilikuwepo."

Mama aliupitisha ukanda kati ya vidole, polepole, kama anayetafuta jicho la sindano. Viazi vilivyokuwa tayari motoni vikaungua. Hakuna aliyeinuka.

Kisha akafumba macho.

"Bwana," alisema, "mwanangu Hosea."

Verdell alingoja mama alie. Hakulia. Akasema amina.